BIOS ya ThinkPad X230: kuisasisha au kuiacha ilivyo?

Kwanza jua toleo la BIOS ulilonalo (BIOS ni programu inayoiwasha laptopu hii ya Lenovo kabla ya Windows au Linux). Kwenye Windows fungua msinfo32. Kwenye Linux andika sudo dmidecode -s bios-version.

Ukisasisha, unapata marekebisho ya usalama, yakiwemo ya Spectre, udhaifu wa prosesa uliotangazwa mwaka 2018. Hata hivyo, yale ya prosesa hupakiwa pia na Windows au Linux yenyewe kila mashine inapowaka, kwa hiyo faida ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Hasara ni hii: ukivuka toleo 2.60, 1vyrain (programu inayofungua BIOS na kuondoa orodha ya kadi za Wi-Fi zinazoruhusiwa) haiingii moja kwa moja, na kadi ya Wi-Fi isiyo kwenye orodha ya Lenovo itazidi kukataliwa kwa kosa 1802. Hapo itabidi kwanza urudishe BIOS nyuma kwa IVprep, au ufungue mashine na kubana chipu ya BIOS kwa klipu na CH341A, kifaa cha kuandikia chipu.

Ukiiacha, hupotezi kikubwa kama kila kifaa kinafanya kazi. Mimi ningeiacha.

Ukiamua kusasisha, chomeka chaja na uhakikishe betri inatunza chaji. Betri iliyokufa ndiyo kikwazo cha laptopu kuukuu, usiizunguke. Umeme ukikatika katikati, chipu hubaki imeandikwa nusu na mashine haiwaki.