Ziwa Ngozi nendeni, lakini si na watu walionipeleka mimi

Nianze na salamu, maana ndiko siku yangu ilikoharibikia. Mwongozaji tuliyepewa, kijana wa miaka ishirini na kitu, alimkuta mama mdogo wangu ameshakaa kwenye Noah, akamwambia, "Mambo." Shikamoo hakuna. Mama mdogo ametoka Tanga, ana wajukuu, siku hiyo amejitanda mtandio wake safi na juu ana sweta nililomwazima kwa ajili ya baridi ya Rungwe. Akajibu, "Poa, mwanangu," akacheka. Mimi sikucheka.

Imepita miezi sasa, mvua kubwa ndiyo zilikuwa zinaishia, na bado nikikumbuka napandwa na hasira upya. Kampuni siitaji. Wako Mbeya mjini, wana ukurasa wenye picha za kuvutia, na wanauza safari ya siku moja yenye vivutio vitatu: Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu na Kijungu, shimo la mwambani kama chungu ambamo mto Kiwira unapita. Nililipa kwa simu, bei sikuilalamikia. Gari zima, dereva muungwana. Hayo nayasema kwa haki tu, msije mkaniona nina chuki binafsi. Ingawa ninayo.

Ukifika njia panda ya Ngozi, kwenye barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, unaiacha lami. Toka hapo mpaka mlima unapoanza ni kama kilomita saba, mashamba ya viazi kulia na kushoto, na udongo ule wa Rungwe ukilowa ni utelezi mtupu. Gari likakwama njiani, tukashuka tuendelee kwa miguu. Hapo yule mwongozaji, bwana mdogo, akamtazama mama mdogo kuanzia raba mpaka mtandio, akasema mbele ya kundi zima:

"Bibi, wewe ungebaki na dereva. Mlima huu hauna lifti."

Bibi! Eti lifti!

Najua kuna watakaosema ni utani. Angekuwa mtani wetu nisingekuwa na neno, watani wana haki yao. Huyu hamjui, hajauliza hata kwao wapi. Na kama ilikuwa ni kumwonea huruma, mbona maneno yapo? "Mama, njia ni kali kidogo, tutakuwa tunapumzika." Basi, kwisha. Watu wote wakacheka, wengine kwa aibu, naye akageuka akaondoka na vijana wenye miguu mepesi. Sisi tukabaki nyuma, ndani ya msitu tusioujua, hatuna mwongozaji tuliyemlipia.

Nilitaka tugeuze. Mama mdogo akakataa, akasema hakupanda basi kutoka Tanga kuja kutazama usukani.

Aliyetusaidia hakuwa wa kampuni. Kijana wa kijijini pale, alikuwa anatokea shambani na viatu vya mpira, akasimama, akainama kidogo. "Shikamoo mama." Marahaba! Nilikaribia kumkumbatia. Akaokota fimbo nzuri, akampa mama mdogo, akamwambia, "Twende taratibu, ziwa halihami." Akawa anatembea nyuma yake, si mbele, ili akiteleza amdake. Njiani akatuonyesha migomba mwitu na mianzi, tukisimama kupumua anatupa hadithi za wazee kuhusu hazina waliyoificha Wajerumani ziwani, ambazo mwenyewe haziamini hata moja.

Nikamuuliza kuhusu kipunji, maana bwana mdogo alikuwa ametuahidi ndani ya gari kwamba tutamwona. Akatikisa kichwa. Kipunji hapa hayupo, yuko ng'ambo kule, Mlima Rungwe. Na ndivyo ilivyo: kima huyo, ambaye wanasayansi walimtangazia dunia mwaka 2005 wakati wenyeji walishamjua zamani, anaishi misitu ya Rungwe na Livingstone upande wa Kitulo, na wachache wako Ndundulu kule Udzungwa. Sasa niambieni, nani hapo alikuwa mwongozaji?

Kipande cha mwisho ni cha kushika mizizi kwa mikono. Hapo hapo tukakutana na wenzetu wanashuka. Juu ukungu umefunika, hawakuona kitu, na bwana mdogo alishawaambia leo ndiyo basi kwa sababu ya ratiba. Akatuona, akasema, "Geukeni tu na nyie, juu hamna kitu." Mama mdogo, kwa upole wake unaoniudhi wakati mwingine, akamjibu, "Tangulieni baba, tunakuja."

Tukapanda. Kweli palikuwa peupe, huoni hata mti ulio mbele yako. Tukakaa tukala maandazi yaliyobondeka mfukoni. Kisha upepo ukageuka, ukungu ukaanza kuondoka upande wa kushoto, na ziwa likaja kidogo kidogo mpaka lote likawa wazi: maji ya kijani yaliyotulia, mbali sana chini, kuta za msitu zimelizunguka pande zote wala huoni mto unaotoka. Ni shimo la volkano iliyobomokea ndani, na chini kule moto haujapoa, ndiyo maana serikali inatafuta umeme wa jotoardhi eneo hilo. Wanasema lina umbo la ramani ya Afrika. Mimi niliiona, mama mdogo akasema haoni ramani yoyote ila anaona ukubwa wa Mola, akaanza kulia. Na mimi pia, basi. Kwa muda ule ningetoa nyota zote tano, hata kwa kampuni, maana bila wao pengine nisingefika.

Tukashuka, nikafutiwa yote. Bwana mdogo kasimama mlangoni mwa gari anatazama saa. "Mmetuchelewesha. Kijungu hakipo tena." Wenzetu wakatuangalia kana kwamba sisi ndio tulioleta ukungu. Daraja la Mungu tulipitishwa mbio. Ni mwamba uliojijenga wenyewe juu ya mto Kiwira, unastahili mtu akae, sisi tulipewa muda wa kupiga picha moja. Kijungu kiko jirani kabisa, ndani ya eneo la Chuo cha Magereza Kiwira. Tulikiacha pale pale, na tulishakilipia.

Jioni Mbeya mjini, tunashuka, jamaa kaweka mkono: "Wazee, ya soda." Mama mdogo akafungua pochi akatoa elfu tano. Elfu tano! Nilipomfokea akaniuliza kama nimeviona viatu vya yule mwongozaji. Sikuwa nimeviangalia. Vilikuwa raba zilizochanika mbele, kidole nje, na ndivyo alivyopanda navyo kwenye tope lile. Kwa hiyo sawa, labda bosi wake hamlipi vizuri, labda kweli anasukumwa na ratiba asiyoipanga yeye, na wa kulaumiwa ni aliyepachika vivutio vitatu kwenye siku moja ya mvua. Nakubali nusu. Shikamoo lakini haihitaji viatu.

Ushauri wangu: pandeni gari la Tukuyu, mshuke njia panda, mtafute kijana wa pale pale, mpatane bei mapema na mumlipe vizuri. Mwende asubuhi, mkikuta ukungu msubiri. Na Ngozi iwe siku yake peke yake.

Ziwa, tano. Kampuni nilikuwa nimeandika mbili kwa sababu ya dereva, nimefuta, nimeweka moja. Nimewaandikia kuhusu pesa ya Kijungu, wakanijibu "tutakupigia", na simu yenyewe mpaka leo sijaiona.