TAHADHARI: Muuzaji wa mota na betri za kubadilisha baiskeli za matairi mapana kuwa za umeme

Ndugu zangu waendesha baiskeli, hasa ninyi mnaotaka kufunga mota ya umeme kwenye baiskeli nyepesi ya matairi mapana, naomba mnisome kabla hamjatuma fedha kwa mtu yeyote.

Ninaishi Kigamboni, na baiskeli yangu ni ya aluminiamu yenye matairi ya inchi 4, ambayo huitumia zaidi kwenye mchanga wa ufukweni. Nilichagua mota inayofungwa kwenye ekseli ya pedeli badala ya ile ya ndani ya gurudumu, kwa kuwa nguvu yake hupitia kwenye cheni na gia, hivyo mchanga unapokuwa mzito unashusha gia na mota inaendelea kuzunguka kwa wepesi bila kupata joto kali. Muuzaji niliyempata mtandaoni alitangaza mota ya Bafang BBSHD ya wati 1,000 pamoja na betri ya volti 48 na ampea-saa 20 (kipimo cha chaji ambayo betri hubeba), vyote kwa shilingi 1,650,000, akataka fedha yote itangulie kwa simu. Bei hiyo ya chini peke yake ilitosha kunitia shaka, na ninajuta kwamba sikuisikiliza shaka hiyo.

Kabla ya kulipa nilimwandikia kwamba bomba la fremu linalopitisha ekseli ya pedeli lina upana wa milimita 100, jambo la kawaida kwa baiskeli za aina hii, ambazo nyingine hufika milimita 120. Akajibu kwamba mota yake inaingia fremu zote. Hakuna mota ya namna hiyo: BBSHD hutengenezwa kwa urefu tofauti wa ekseli, na niliyoletewa ilikuwa ya milimita 68 hadi 73, ambayo hata nati yake ya kukazia haikufikia nyuzi. Nilipomrudia, alinishauri nimpe fundi asage fremu pande zote mbili. Tafadhali, asikushawishi mtu kufanya hivyo, kwa sababu sehemu hiyo ndiyo inayobeba uzito wako wote unapokanyaga.

Hata hivyo, kosa la mota ni dogo likilinganishwa na betri. Betri ya volti 48 huwa na seli (vijibetri vya ndani) 13 zilizounganishwa kwa kufuatana, na seli nzuri kabisa za ukubwa wa 18650 (kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65) hubeba takribani ampea-saa 3.5 kila moja, kwa hiyo ampea-saa 20 zinahitaji safu 6 sambamba za seli 13, yaani seli 78. Kila seli ina uzito wa gramu 45 hadi 50, hivyo seli peke yake, kabla ya kasha na nyaya, zinazidi kilo tatu na nusu. Betri yangu nzima ilikuwa na kilo 2.4. Fundi wa betri aliyeifungua alikuta seli 39 zisizo na jina la mtengenezaji, yaani safu 3 tu sambamba, na alipoipima ilitoa ampea-saa 6.1 tu. Mota hiyo huweza kuvuta ampea 30, maana yake, zikigawanywa kwa safu hizo 3, kila seli ingelazimika kutoa ampea 10, mzigo ambao seli dhaifu haziwezi kuubeba bila kuchemka, na seli ya lithiamu ikichemka kupita kiasi huwaka moto.

Nilipomtumia picha, alidai nimeiingizia maji, kisha akanifungia mawasiliano. Wiki mbili baadaye niliona picha zilezile, zenye mkeka uleule wa bluu na mkwaruzo uleule kwenye kasha, zikitangazwa kwa jina jingine na namba nyingine. Kwa hiyo msimtafute kwa jina; mtambueni kwa kukataa kwake kuipima betri kwenye mizani mbele ya mnunuzi na kwa kukwepa swali la upana wa bomba.

Nimekwisha kutoa taarifa polisi nikiwa na ujumbe wa malipo, na aliyeuziwa kama mimi asifute ujumbe wake. Ikiwa betri ya namna hii tayari iko nyumbani kwako, usiichaji usiku wala ndani ya nyumba. Itoe nje, mbali na mlango na vitu vinavyoshika moto, mpaka fundi anayezijua betri za lithiamu aikague.