Rangi ya kichupa kwa vidonda vya kokoto: uzoefu wangu Tabora

Nimetumia rangi ya tachapu, yaani ya kuziba vidonda vidogo vya bodi, iliyochanganywa kwa namba ya rangi ya gari, kwenye magari mawili: Toyota IST ya fedha, namba 1F7, na Probox nyeupe, namba 040. Yote yanatembea Tabora mjini na kwenye barabara za changarawe za Uyui, kwa hiyo boneti, matao ya matairi na kingo za milango ndizo zinazoumia. Kwa kidonda cha kokoto kisichozidi milimita tano, sijaona kitu kingine cha kufanya nyumbani kinachotoa matokeo mazuri kuliko haya. Kwa mkwaruzo unaovuka mlango mzima, hela hiyo mpe fundi wa kupuliza. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile iliyopungua ni ya rangi ya fedha, na sababu yake iko mbele.

Kinachouzwa ni vichupa viwili vya mililita 15, kimoja cha rangi na kingine cha kliya (tabaka angavu la juu lisilo na rangi), kila kimoja na brashi yake kwenye kifuniko. Mililita 15 zinaonekana chache, lakini kidonda cha milimita tatu hakimalizi hata tone moja, na gari zima linaweza kuhudumiwa na rangi ikabaki. Visivyokuja navyo, na huwezi kufanya kazi bila hivyo, ni praima (rangi ya kwanza inayoshika chuma), msasa wa maji namba 400, 2000 na 3000, kompaundi (dawa ya kung'arishia rangi), spiriti ya duka la dawa, tepu ya karatasi, vijiti vya meno na glavu. Msasa wa 2000 na 3000 usiutafute kwenye duka la vifaa vya ujenzi, huko utapewa wa mbao. Nenda kwa muuza rangi za magari.

Namba ya rangi isome mwenyewe kabla hujaagiza. Kwenye Toyota zilizotoka Japani, kibati kiko ndani ya boneti, kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini, au kwenye nguzo ya mlango. Tafuta mstari ulioandikwa C/TR au COLOR/TRIM. Alama tatu za mwanzo ndizo rangi ya bodi, zinazofuata ni za ndani ya gari. Usimwambie muuzaji "silva" ukaishia hapo. 1C0 na 1F7 zote ni silva za Toyota na hazifanani zikikaa jirani. Nyeupe nazo zina mtego wake: 040 ni nyeupe tupu, lakini 070 ni nyeupe ya lulu, na hiyo inataka vichupa viwili vya rangi, nyeupe ya chini kwanza kisha ya lulu, ndipo kliya. Ukiuziwa kichupa kimoja cha 070, kirudishe.

Kibati kinakueleza gari lilivyotoka kiwandani tu. Magari mengi yaliyotumika yamepigwa rangi upya mahali fulani, tena si lote, labda fenda moja au mlango mmoja. Lowesha kitambaa kwa thina (kiyeyushi cha rangi) kidogo, sugua sekunde chache kwenye ukingo wa chini wa paneli ile ile unayotaka kuitengeneza. Rangi iliyookwa kiwandani, au iliyopulizwa na hadena (kemikali ya kuigandisha), inabaki ngumu. Ikilainika na kunata, hiyo ni rangi rahisi ya kukauka kwa hewa: weka thina mbali na paneli hiyo, na usitegemee namba ya kibati ilingane nayo.

Sasa angalia kina cha jeraha lenyewe. Osha, kausha, kisha mwagia maji safi juu ya mkwaruzo. Ukipotea chini ya maji na kurudi yakikauka, umeishia kwenye kliya, na kichupa hukihitaji. Kompaundi na kitambaa laini vinatosha. Pitisha kucha: ikinasa, kompaundi peke yake haitaumaliza. Ukiona kijivu au rangi nyingine ya praima ndani, rangi imeondoka. Ukiona chuma kinachong'aa au kahawia ya kutu, praima ni lazima. Kwenye bampa utaona plastiki nyeusi au ya kijivu. Hapo kutu haipo, ila praima iwe ile ya plastiki, maana ya kawaida hubanduka kama ganda.

Unene ndio unaotawala kazi yote hii. Rangi nzima ya kiwandani, kuanzia praima hadi juu, kwa kawaida ni maikroni 100 hadi 150 tu. Kliya ndani yake ni kama maikroni 35 hadi 50, wakati unywele wa mtu una kama 70. Kila unaposugua unakula kutoka kwenye akiba hiyo, na kwenye kingo za milango na mikunjo ya boneti akiba ni ndogo zaidi. Ndiyo maana nasisitiza kusugua tone lililojaa, si paneli inayolizunguka. Magari ya zamani ya 040 mara nyingi hayana kliya kabisa. Sugua kompaundi kwa kitambaa cheusi. Kikitoka na weupe wa rangi, na si weupe wa kompaundi yenyewe, basi hakuna kliya, na wewe usiiongeze. Jaza rangi, sawazisha, ng'arisha, imekwisha.

Kusafisha shimo ni nusu ya kazi. Chokoa kingo kwa kijiti cha meno. Rangi yoyote inayonyanyuka iondoe, kwani ukiiacha itanyanyuka pamoja na rangi yako mpya. Kwa kutu, kata kiduara kidogo cha msasa namba 400, kigundishe kwenye kitako cha penseli, kisha zungusha penseli ndani ya kidonda mpaka chuma king'ae. Usibakize hata nukta ya kahawia, kwa sababu kutu hutembea chini ya rangi na ndani ya msimu mmoja wa mvua utaona malengelenge pembeni ya tone lako zuri. Kisha futa kwa spiriti. Petroli isitumike hapa, inaacha mafuta, na rangi juu ya mafuta hujikusanya na kuacha vishimo.

Praima weka pale penye chuma tu, nyembamba, kwa ncha ya kijiti, na iache usiku kucha. Isifike hata nusu ya kina, maana nafasi hiyo ni ya rangi.

Brashi ya kwenye kifuniko ni nene mno kwa vidonda vidogo, na hapa watu wengi wanaharibu. Inapaka pembeni kuliko inavyojaza ndani, mwisho kidonda cha milimita mbili kinakuwa doa la milimita sita. Tumia kijiti cha meno kilichochongwa au brashi ya kuchorea namba 0. Tikisa kichupa dakika mbili kamili. Chovya ncha, gusa katikati ya shimo tu, acha rangi itiririke yenyewe hadi kwenye kingo. Itaonekana imejaa. Baada ya nusu saa utakuta imezama, kwa kuwa kiyeyushi kimeondoka na kilichobaki ni kiasi kidogo cha rangi. Rudia. Vidonda vya boneti vinavyofika kwenye praima kwa kawaida vinataka mizunguko mitatu hadi mitano, kila mmoja mwembamba, nusu saa hadi saa moja katikati. Anayejaza kwa tone moja nene anapata ngozi ngumu juu na rangi mbichi chini. Akija kusugua inang'oka yote.

Ikivuja pembeni, usifute kwa kidole. Funga kitambaa laini kwenye kadi ngumu, kilowe thina kidogo sana, pitisha mara moja juu ya uso kwa kulala. Kadi haingii shimoni, kwa hiyo inaondoa kilicho juu na kuacha kilicho ndani. Fanya hivi tu kwenye paneli iliyofaulu jaribio la thina.

Kwa gari lenye kliya, simamisha rangi chini kidogo ya usawa wa bodi, kisha malizia na kliya hadi ivimbe kidogo. Kliya ya kichupa hukauka kwa hewa na inatosha kwa vidonda vidogo, ila haivumilii petroli. Karibu na mdomo wa tangi italainika. Sehemu hiyo inataka kliya ya hadena. Pima kwa bomba la sindano kama kopo linavyoelekeza, mara nyingi mbili za kliya kwa moja ya hadena, na kwa matone machache changanya mililita 2 kwa 1 tu, nyingine itagandia kikombeni. Vaa glavu, fanyia nje. Kuipuliza nyumbani sikubaliani nako hata kidogo: hadena hizo zina aisosayaneti, zinaharibu mapafu na kuleta pumu, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote.

Kusawazisha kunataka subira zaidi kuliko kujaza. Kliya ya kichupa iache wiki nzima ukiweza. Chukua wembe mpya, funga tepu ncha zote mbili ili katikati tu ndipo pabaki wazi. Tepu inakuwa miguu inayouinua wembe usiguse bodi. Kwangua kilele cha tone taratibu mpaka kikaribie usawa. Kisha msasa wa 2000 uliolowekwa maji yenye tone la sabuni, uliokunjwa juu ya kifutio cha penseli, usugue kwa mwendo mfupi wa kwenda na kurudi. Futa maji kila baada ya misuguo michache uangalie. Tone likipoteza mng'ao wote kwa usawa, acha. Malizia na 3000, kisha kompaundi kwa mkono hadi ukungu uondoke. Nta isiguse hapo kwa mwezi mmoja.

Hali ya hewa ya Tabora ina masharti yake. Kuanzia Julai upepo wa vumbi ni adui wa kliya. Mwagia maji ardhi kuzunguka gari kabla ya kufungua kichupa. Oktoba ndiyo yenye joto kali kuliko miezi yote, na bati la boneti juani linakausha rangi juu kabla haijatulia, vipovu vinabaki ndani. Fanya kazi asubuhi, bodi ikiwa ya baridi mkononi, kivulini. Lakini kivuli kisiwe cha mwembe, ambao ndio mti tulionao kila uwanja: utomvu na wadudu vitatua kwenye rangi mbichi. Masika, unyevu hufanya kliya ipauke kama maziwa. Subiri siku kavu.

Kuhusu rangi ya fedha. Chembe za alumini zilizomo humo, fundi anapopuliza, hulala kwa namna moja na kuakisi mwanga pamoja. Kwa kijiti au brashi zinalala ovyo, hivyo kidonda kilichojazwa vizuri kabisa kwenye 1F7 kinaonekana cheusi kidogo ukisimama upande mmoja na cheupe ukihamia mwingine. Tabaka nyembamba zinapunguza tofauti hiyo, haziiondoi. Mita moja mbali hakionekani, ukiinama utakiona. Kwenye 040 na nyeusi tupu ya 202 tatizo hili halipo, na hizo ningezipa nyota tano bila kusita, isipokuwa nyeupe iliyopauka au kupata umanjano wa jua miaka mingi: kichupa kitaleta weupe wa kiwandani, nawe ng'arisha paneli kwa kompaundi kwanza ndipo ulinganishe.

Zile kalamu zinazouzwa stendi na mitandaoni kwamba zinafuta mkwaruzo wa rangi yoyote, usinunue. Ndani ni kimiminika kisicho na rangi. Kinajaza mkwaruzo wa juu ukafifia, lakini rangi iliyoondoka hakiirudishi, na kikishagandia kingo kinakusumbua kukitoa ukitaka kutengeneza kweli. Dawa ya meno inasugua kidogo sana, inafaa kwa ukungu hafifu tu. Mafuta ya kupaka yanaficha hadi utakapoosha gari.

Ukimaliza, futa shingo ya kichupa kwa thina kabla ya kufunga, la sivyo kifuniko kinaganda na kikifunguliwa kwa koleo hakizibi tena. Andika namba ya rangi na tarehe ya kununua kwenye tepu, bandika, hifadhi kikiwa wima ndani ya nyumba, mbali na jiko na watoto. Usikiache kwenye dashibodi. Rangi ikianza kuvuta nyuzi unapotoa kijiti, imezeeka. Kuiongeza thina kutairudishia wepesi lakini itazama zaidi ikikauka, kwa hiyo hesabu mizunguko miwili ya ziada au nunua mpya.