Uwanja wa watoto njia ya Pangani: bembea nzuri, mlinzi sitaki hata kumsikia

Mimi si mtu wa kuandika malalamiko, lakini hili la juzijuzi limenikaa kooni.

Likizo, kaskazi imekolea, watoto wanne ndani (wawili wangu, wawili wa dada) na katuni zote wameshamaliza. Nikawapeleka Tongoni wakaone magofu, kama kilomita 20 hivi kusini mwa Tanga mjini. Ule msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo niliyafurahia mimi. Wao baada ya dakika kumi wakauliza, bembea ziko wapi? Dereva wa bajaji akasema kijiji cha mbele kuna shule ya msingi, shule zikifungwa uwanja wake huachiwa wageni, buku kwa kila mtoto.

Tukafika saa saba mchana. Getini mlinzi, mtu mzima, kakalia ndoo anakula chungwa. "Shikamoo mzee." Kimya. Nikadhani hakusikia. "Shikamoo!" Akatema kokwa, akanyoosha mkono: "Elfu nne."

Jamani, Tanga hii hii ya kwetu, mtu umwamkie mara mbili akujibu kwa bei? Risiti hata sikuuliza. Aliyeshindwa kusema marahaba ataweza kuandika risiti?

Ndani, kile cha kuteleza ni cha bati, na kimesimama juani peupe. Mwanangu mdogo, miaka mitano, kaptura fupi, kapanda kabla sijafungua mdomo. Alifika katikati, ukelele ukapasuka. Mapaja yote mekundu. Nikamrudia mzee na mtoto mkononi: mbona hamzuii watu wasipande mchana huu? Uso hakuinua. "Sasa mama, jua nimeliwasha mimi?"

Jua nimeliwasha mimi! Nimelisimulia neno hilo Chumbageni nzima na bado halijanitoka.

Muuza barafu akaja na dawa ya meno tumpake, nikakataa. Aliyenifaa ni binti wa palepale kijijini, kwa kumtazama hajafika darasa la sita. Alimshika mwanangu mkono mpaka bombani akammwagia maji, kopo baada ya kopo, polepole, huku anamwimbia ukuti ukuti. Alhamdulillah, hata lengelenge halikutoka.

Halafu yule binti akatupeleka nyuma ya madarasa. Kuna mwembe mkubwa, umening'inizwa tairi la lori kwa kamba ya mkonge nene kama kiwiko changu. Hiyo ndiyo bembea niliyokuja kuitafuta. Watoto wa pale walipanda wawiliwawili, wakitazamana, miguu imepishana, wakawafundisha wangu namna ya kuisukuma kwa kiuno bila kugusa chini. Nikaivuta ile kamba kwa nguvu zangu zote, haikulia hata kidogo. Mkonge wenyewe hapa nchini ulianzia njia hiihii, Kikogwe kule Pangani, 1893, Mjerumani Hindorf alipoleta miche na ikabaki hai 62 tu. Mwanangu aliyeungua alikuwa wa kwanza kudai zamu. Baadaye wakacheza rede mpaka jua likapoa, na mimi nimekaa kwenye mzizi nakula embe bichi kwa chumvi niliyopewa bure. Hapo kusema kweli hasira ziliniisha. Karibu niseme hii elfu nne ni halali yao.

Kwa hiyo msiende. Au nendeni, lakini asubuhi kabla ya saa tatu, mtoto avae suruali ndefu, pitilizeni moja kwa moja mwembeni, na shikamoo zenu ziacheni kwenye bajaji. Wangu wanataka kurudi Jumamosi na nadhani nitashindwa kuwakatalia.

Ila ngoja. Tunatoka, familia nyingine inaingia, nikageuka. Yule mzee kanyanyuka kwenye ndoo yake, kaijaza maji, analowesha gunia na kulitandika juu ya lile bati. Saa kumi na moja jioni! Saa saba hilo gunia lilikuwa wapi?