Tahadhari kwa wanaonunua magodoro ya lateksi mtandaoni: kona mnayoonyeshwa siyo godoro

Naandika haya nikiwa na hasira, na aibu yangu ni kubwa kuliko hasira hiyo, kwa sababu katika jambo hili sikuumizwa peke yangu. Watu wawili wamenunua kwa tapeli aliyeniuzia godoro baada ya kuona picha ya mkono wangu na maneno yangu ya shukrani. Mmoja wao ni yule mama wa nyumba ya pili, ambaye wengi wenu mnamjua, na tangu juzi sina uso wa kumtazama.

Habari ya maumivu ya mgongo wangu wengi mnaijua, na alichosema daktari mnakijua, kwa hiyo sitarudia. Godoro la zamani lilipobonyea katikati niliamua kwamba safari hii nitanunua la lateksi, na kwa muda wa wiki tano nilikuwa nikisoma na kulinganisha kila usiku. Sikukurupuka. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeshaambiwa, tena na mtu wa karibu, kwamba anayependa vya rahisi lazima aibiwe. Bei ya muuzaji huyu haikuwa ya kutupa. Ilikuwa chini kidogo tu ya bei za wenzake, kiasi cha kumfanya mnunuzi aone amepata nafuu bila kujiuliza nafuu hiyo imetoka wapi, na ninaamini aliipanga hivyo makusudi.

Kilichonifanya nimwamini ni kwamba alinifundisha. Wauzaji wengine nilipowauliza godoro lao limetengenezwa kwa njia gani walinijibu kwamba ni zuri sana na kwamba ninakaribishwa, wakaishia hapo. Huyu alinipigia simu mwenyewe na kuzungumza nami karibu saa nzima. Alinieleza kwamba lateksi asilia hutokana na utomvu wa mti wa mpira, Hevea brasiliensis, kwamba iko nyingine inayotengenezwa viwandani kutokana na mafuta ya petroli, na kwamba magodoro mengi huwa na mchanganyiko wa zote mbili. Alinieleza njia ya Dunlop, iliyoanzia Birmingham, Uingereza, mwaka 1929, ambapo utomvu hupigwa mpaka ukawa povu, ukamiminwa katika kalibu na kupikwa hadi ukashikana. Na njia ya Talalay, ambapo kalibu haijazwi, bali hewa hufyonzwa ili povu litanuke lenyewe, kisha hugandishwa kwa baridi kali kabla ya kupashwa moto. Alinieleza hata vile vitundu vinavyoonekana kwenye lateksi, kwamba kalibu huwa na vijiti vya chuma vya kupeleka joto ndani ya povu, na kila palipokuwa na kijiti hubaki kitundu.

Nimekuja kuyahakiki yote hayo baadaye, na yote ni ya kweli. Ndivyo alivyoninasa. Mtu akishakueleza kweli kumi mfululizo, ya kumi na moja unaipokea bila kuikagua.

Tena kulikuwa na jambo lililonimaliza kabisa. Nilikuwa nimeliangalia godoro lake la unene wa sentimita 25, ambalo bei yake ilikuwa juu zaidi, naye akanikataza. Alisema, "Dada yangu, hilo sikushauri, utapoteza fedha bure. Kwa mgongo kama wako, la sentimita 20 la Dunlop linatosha kabisa." Niambieni, ni tapeli gani anayekuzuia usimpe fedha zaidi? Kisha akauliza kuhusu kitanda, akaniambia nipime nafasi kati ya chaga, kwani lateksi ni nzito na nafasi hizo zikizidi sentimita 7 au 8 godoro litaanza kuzama. Nikapima, nikakuta ni sentimita 12. Nikamwita fundi aongeze chaga tano. Angalieni jinsi mambo yalivyokwenda: sikuwa nimelipa hata senti moja, lakini tayari nilikuwa nimetengeneza kitanda kwa ajili ya godoro lake.

Usiku wa malipo naukumbuka kwa namna inayonichoma. Ilikuwa saa tatu na nusu. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda kile kile chenye chaga mpya, na shemeji alikuwa sebuleni. Shemeji aliuliza kwa upole kwa nini mtu huyu hakubali kulipwa godoro likishafika. Nikamjibu kwa ukali. Nikamwambia kwamba yeye hajui chochote kuhusu lateksi, kwamba godoro hutengwa stoo kwa jina la mnunuzi, na kwamba muuzaji mwaminifu naye ana haki ya kujilinda dhidi ya wateja wasumbufu. Maneno hayo hayakuwa yangu; nilikuwa nimeyasikia kwa muuzaji mchana wa siku ile ile, nami nikayatetea kana kwamba nilizaliwa nayo. Saa tatu na dakika arobaini muuzaji akaandika, "Dada, limebaki moja la kipimo chako, na nimelizuia kwa ajili yako mpaka saa sita." Nilituma fedha zote kwa simu, siyo nusu, kwa sababu aliniambia anayelipa zote halipi usafiri. Akajibu, "Mungu akubariki, utalala usingizi wa mtoto." Nami nilifurahi, nikaenda kumwonyesha shemeji ujumbe ule.

Godoro lilikuja siku ya nne likiwa limebanwa na kuviringishwa ndani ya plastiki. Kijana mmoja alilishusha garini, akaliweka begani na kupanda nalo ngazi hadi ghorofa ya pili bila kupumzika. Nililiona hilo kwa macho yangu mawili. Nilisimama mlangoni nikamtazama akipanda, na badala ya kujiuliza swali nikamsifu kwa nguvu zake. Akanipa karatasi nitie sahihi kabla ya kufungua, na nikatia.

Tulipolikata plastiki likavimba, likatoa harufu kama ya rangi ya mafuta. Nikampigia muuzaji. Hakuonyesha wasiwasi hata kidogo. Alisema hiyo ndiyo harufu ya mpira asilia na itakwisha baada ya siku tatu, kisha akasema maneno ambayo nimeyatafakari kila siku tangu siku ile: "Usiniamini mimi, dada. Kuna zipu pale kwenye kona, ifungue ujionee mwenyewe."

Nikaifungua. Ilikuwa fupi, yenye urefu wa shubiri mbili hivi. Ndani nikaona lateksi: nyeupe yenye kuelekea rangi ya maziwa, vitundu vimejipanga kwa safu, na nilipobonyeza kwa kidole ilirudi papo hapo. Nikabonyeza tena na tena. Machozi yalinilengalenga kwa furaha. Nikapiga picha mkono wangu ukiwa umebonyeza kona ile, pete yangu ikionekana, nikamtumia na kuandika kwamba yeye ni mfanyabiashara wa kipekee na kwamba nitamtangaza kwa kila mtu. Kabla ya jioni picha ile ilikuwa kwenye ukurasa wake, pamoja na maneno yangu yote. Mama wa nyumba ya pili aliitambua pete.

Baada ya wiki tatu palikuwa na bonde mahali ninapolala. Nilimwandikia, akasema godoro linajizoesha na mwili. Wiki ya tano bonde lilikuwa la kina cha vidole vitatu, na mgongo ulikuwa umerudi pale pale mnapopajua. Ndipo shemeji, ambaye hata mara moja hajanikumbusha maneno yangu ya usiku ule, alipochukua wembe akachana kava upande wa pili, mbali na zipu. Ndani kulikuwa na sponji. Sponji ya kawaida, nyepesi, ya rangi ya manjano iliyofifia, isiyo na kitundu hata kimoja. Tukachana mpaka tukafika kwenye ile kona, na hapo tukaiona lateksi yangu. Ilikuwa kipande cha pembetatu, kisichozidi upana wa sahani, kilichobandikwa kwa gundi nyuma ya zipu.

Naomba mfikirie kazi iliyofanyika hapo. Mtu alikata kipande cha lateksi halisi, akachonga nafasi yake kwenye sponji, akakipaka gundi, akakikandamiza kikakaa sawasawa, kisha akashona zipu mahali hapo hapo na si pengine. Hili halikuwa kosa la kiwandani wala la mfanyakazi aliyechanganya mizigo. Ni mtego uliotengenezwa kwa mikono, na mlengwa wake ni mteja mwangalifu, yule atakayetaka kukagua kabla ya kuamini.

Nilipompigia hakupokea. Nilipoandika, alijibu mara moja tu, kwamba nilitia sahihi kukubali mzigo na kwamba godoro lililotolewa kwenye plastiki halirudishwi kwa sababu za usafi. Kisha akanifungia. Picha ya mkono wangu bado iko kwake na inaendelea kumwuzia.

Mtu huyu anastahili kukamatwa. Sitaki kusikia habari ya kumsamehe wala ya kumwachia Mungu, maana nimeshaambiwa hayo pia. Nataka arudishe fedha za kila mtu, nataka laini zake zifungwe, na nataka asimame mbele ya hakimu na magodoro yake yachanwe pale pale, zipu kwa zipu, watu wakiona. Anawauzia wagonjwa. Anakuuliza kwanza una maumivu gani, kisha anayatumia maumivu hayo kukuuzia takataka. Fedha ile imtokee puani.

Mmeniuliza ningewezaje kugundua mapema. Uzito ungeniambia kila kitu. Lateksi ya Dunlop kwa kawaida huwa na kilo 65 hadi 90 kwa kila mita ya ujazo. Godoro langu, lenye urefu wa sentimita 190, upana wa 150 na unene wa 20, ni mita za ujazo 0.57, kwa hiyo lilipaswa kuwa na kilo 37 angalau. Nimepanda nalo kwenye mizani, nikaondoa uzito wangu, nikapata kilo 13. Yule kijana hakuwa na nguvu za ajabu. Muuzaji mwenyewe aliniambia lateksi ni nzito, akanifanya nilipe fundi kwa sababu ya uzito huo, nami sikuunganisha mambo hayo mawili mpaka leo. Mwulizeni muuzaji yeyote godoro lina kilo ngapi, aandike, na mlipime kabla ya kutia sahihi yoyote.

Kuhusu cheti, alinitumia picha ya cheti cha Oeko-Tex Standard 100, na nikaridhika kwa kuona nembo. Juzi ndipo nilipoingiza ile namba kwenye ukurasa wa kuhakiki vyeti hivyo, jambo ambalo halichukui hata dakika mbili. Namba ni ya kweli, lakini cheti ni cha kitambaa na si chake. Sehemu inayotaja bidhaa ilikuwa imekatwa kwenye picha aliyonitumia. Tena hata kama kingekuwa cha godoro, cheti hicho huhusu kupimwa kwa kemikali zenye madhara, wala hakithibitishi kwamba kitu ni lateksi asilia, kwani hata sponji inaweza kukipata. Kinachohusu lateksi ya kilimo hai ni GOLS, ambacho hutaka angalau asilimia 95 ya malighafi iwe ya kilimo hai, nacho pia kina namba ya kuhakikiwa.

Zipu izunguke godoro zima, au angalau ifunguke upande mzima. Kuna pia suala la kulipa fedha zote kabla, ambalo shemeji alilisema kwa sentensi moja. Na picha za wateja: nimerudi kuzitazama zote kwenye ukurasa wake, moja baada ya nyingine, na kila mkono umebonyeza kona. Hakuna hata picha moja ya katikati ya godoro. Zilikuwa mbele yangu kwa wiki tano.

Jina la duka siliandiki kwa sababu ameshalibadilisha tangu nilipochana godoro, na nikiwatajia jina alilolitupa mtajiona mko salama kwa hili jipya. Mtambueni kwa zipu ya kona na kwa maneno yale, "usiniamini mimi." Aliyekwisha kumlipa asifute ujumbe wowote, asilitupe godoro, na alichane upande wa pili wa zipu akilipiga picha huku tarehe ikionekana. Kisha aniletee nakala ya malipo yake. Mpaka sasa tuko watatu, na Jumatatu tunakwenda kufungua jalada polisi tukiwa na kona zetu tatu mfukoni.