Nane Nane Morogoro: vipando safi, lakini lile banda la mashine!

Bado nina hasira na banda moja la mashine za kutotolesha vifaranga, hii Nane Nane ya Morogoro ya juzijuzi. Mashine inawaka, kioo kinasoma digrii 37.7, trei zimejaa mayai, watu wamejazana. Nikamuuliza kijana muuzaji yana siku ngapi mle ndani. "Kumi, mama." Nikachukua moja, nikaliwekea tochi ya simu upande ule mpana. Linang'aa lote, kivuli cha kiini kinaelea tu. Yai lenye mbegu likifika siku ya saba mishipa myekundu imeshatawanyika, na siku ya kumi unaona doa jeusi la jicho. Lile lilikuwa yai la kukaanga, la kuku asiyejua jogoo! Nilipomwambia, akaninyang'anya: "Mama, kama huna hela pisha wenye hela." Mbele ya watu wote.

Na kipimajoto chenyewe wamekifunga kidole kimoja tu kutoka kwenye hita. Hapo kinapima hita, hakipimi mayai. Trei za mlangoni zinabaki na joto pungufu: ya karibu na hita yanaangua siku ya 20, ya mlangoni siku ya 22 au 23, vifaranga vimelegea, vitovu havijafunga, vingine vimefia ndani ya ganda. Ukirudi kulalamika unaambiwa hukuweka maji. Maji yana kazi yake, sikatai. Unyevu uwe asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, kisha unaacha kugeuza mayai na kuupandisha hadi 65 au 70, la sivyo utando wa ndani unakauka na kumbana kifaranga. Lakini maji hayarekebishi joto lisilo sawa.

Nilitaka niwaambie msipoteze nauli. Ila vipando, yale mazao yaliyopandwa kwa ajili ya maonesho, jamani, vipando vinanifunga mdomo. Bwana shamba mmoja alifungua moyo wa mhindi, yale majani machanga ya katikati yaliyojikunja, mbele yetu, akatuonyesha kiwavijeshi vamizi kajificha chini ya kinyesi kama maranda, akaeleza kwa nini dawa ya kupulizia juu ya majani haimfikii: lazima iingie humo moyoni mwa mhindi, asubuhi na mapema au jioni, angali mdogo. Mahindi yenyewe sentimita 75 mstari hadi mstari, 30 shimo hadi shimo, mbegu moja kila shimo. Maswali yote alijibu, hata ya kurudiarudia, bila kununa.

Kwa hiyo nendeni, tena mapema, maana maonesho yanaanza tarehe 1 Agosti na tarehe 8 ni msongamano mtupu, hakuna wa kukueleza kitu. Mashine msinunue kabisa. Au basi, ukishikwa na hamu, beba kipimajoto chako, kiweke usawa wa mayai kwenye kona ya mlangoni, funga, subiri nusu saa. Kikitofautiana na kioo kwa zaidi ya nusu digrii, iache mashine hapohapo, hata wakupunguzie bei.