Kinywaji cha mbio ndefu kwenye joto: ununue kipi?

Mkimbiaji wa Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari anaweza kumwaga lita moja ya jasho kwa saa, na wengine huzidi hapo. Unyevu wa pwani hauliachi jasho likauke. Linadondoka tu bila kuupoza mwili. Kila lita inaondoka na sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, wastani wa miligramu 900 hivi, lakini watu hawalingani: mmoja hutoa 400, mwingine 1,500. Ukiona fulana nyeusi imekauka ikabaki na michirizi myeupe, wewe ni wa kundi la pili. Potasiamu inayotoka ni kidogo, miligramu 200 hivi kwa lita.

Basi ukifika dukani uliza jambo moja: lita moja ya kinywaji hiki, kikishachanganywa, ina miligramu ngapi za sodiamu? Vitamini na picha za machungwa hazikusaidii hapo. Lebo ikitaja chumvi badala ya sodiamu, gawanya kwa 2.5.

Mazoezi ya chini ya saa moja hayahitaji kingine zaidi ya maji. Mpangilio huu ni wa dakika 90 na kuendelea.

1. Pakiti ya ORS ya duka la dawa

Ni ule unga wa chumvi na sukari wanaopewa wanaoharisha. Ndiyo ya kwanza, na ndiyo rahisi pia. Kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani (WHO), lita moja ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, 2.9 za sitrati ya sodiamu, 1.5 za kloridi ya potasiamu na 13.5 za glukosi. Sodiamu yake inafika miligramu 1,700 hivi kwa lita, kiasi kinachozidi jasho la watu wengi, na ndiyo sababu wakimbiaji hulalamikia ladha yake.

Dawa yake ni kuitia pakiti ya lita moja kwenye chupa ya lita moja na nusu. Sodiamu inashuka hadi 1,150 hivi kwa lita. Glukosi iliyomo haitoshi kuendesha miguu, kwa hiyo ongeza vijiko vitano vya chakula vya sukari, vilivyosawazishwa (gramu 60 hivi), na limau ukipenda. Mchanganyiko huu ni wa mwanamichezo mzima tu. Mgonjwa wa kuhara, hasa mtoto, apewe ORS kama pakiti inavyoelekeza, bila maji ya ziada wala sukari.

Kosa la kawaida ni kutosoma ujazo. Zipo pakiti za nusu lita na za lita moja, na kwa macho hazitofautiani sana. Pakiti ya lita moja ikitiwa kwenye chupa ya nusu lita inakuwa kali mno: inavuta maji kuingia tumboni badala ya kuyapeleka kwenye damu, na safari inaishia chooni. Iliyochanganywa isivuke saa 24.

2. Ya kuchanganya nyumbani

Maji lita moja na nusu, sukari vijiko sita vya chakula, chumvi laini nusu kijiko cha chai, ndimu moja. Hapo una sodiamu 800 hivi kwa lita na sukari asilimia 5. Yeyusha chumvi kwanza kwenye maji kidogo ya moto. Kijiko kisawazishwe kwa kisu. Chumvi iliyorundikana kama mlima kwenye kijiko inaweza kuongeza kipimo maradufu. Chumvi ya mawe haifai kupimwa kwa kijiko, kwa kuwa punje zake huacha nafasi katikati.

3. Vidonge vya kuyeyuka na unga wa michezo

Unalipia wepesi wa kubeba. Angalia sodiamu kwa kidonge: vingi vina 250 hadi 400, na vingine hutakiwa kwenye maji ya mililita 750, yaani kwa lita unapata pungufu ya ulichodhani. Vingi havina sukari, hivyo chakula ubebe. Usivichanganye na vile vidonge vya vitamini C vinavyotoa povu. Umbo ni lile lile, kazi ni nyingine.

4. Vinywaji vya michezo vya chupa

Sukari asilimia 6 hivi, sodiamu 400 hadi 500 kwa lita, vingine pungufu. Vinafaa mbio za saa mbili. Kwa saa nne, tafuta chumvi mahali pengine.

5. Madafu

Matamu, na potasiamu yake ni nyingi mno, gramu 2 au zaidi kwa lita. Sodiamu ndiyo haba, nayo ndiyo uliyopoteza. Yanywe ukimaliza, pamoja na karanga za chumvi au mlo wenye mchuzi.

Vinywaji vya kuongeza nguvu na soda tumeviacha nje: sukari ya asilimia 10 au 11 huchelewa kutoka tumboni.

Kiasi

Jipime uzito bila nguo kabla na baada ya mazoezi ya saa moja. Kilo moja iliyopungua ni lita moja ya jasho, ongeza ulichokunywa. Lenga kupungua kidogo, isizidi asilimia 2 ya uzito. Ukirudi mzito kuliko ulivyoondoka, ulikunywa kupita kiasi, na hiyo ndiyo hatari kubwa zaidi: maji ya ziada huizimua sodiamu ya damu. Kwenye Boston Marathon ya 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu na asilimia 13 walikutwa na sodiamu pungufu. Dalili iliyoambatana nayo zaidi ni kuongezeka uzito njiani. Kinywaji chenye chumvi hakikukingi na hilo, maana hata ORS ina karibu nusu tu ya sodiamu iliyomo kwenye damu.

Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa figo au anayetumia dawa za kukojoza amuulize daktari kabla ya kununua chochote hapa. Wengine, jaribuni kwenye mazoezi wiki tatu kabla. Tumbo halipendi kitu kipya siku ya mbio.